Nani mwenye wimbo: aliyeutunga au waliouimba?

Kuna dhana iliyojikita miongoni mwa wanafunzi wetu kwamba nadharia za uhakiki ni mali ya riwaya, tamthilia na diwani, na kwamba nje ya chumba cha mtihani hazina kazi. Dhana hiyo hulelewa na ufundishaji unaomtaka mwanafunzi akariri majina ya wahakiki wa kigeni. Kwa maoni yangu, nadharia isiyoweza kupanda matatu na kusikiliza kinachochezwa humo haistahili kufundishwa.

Chukua mfano wa Roland Barthes, mhakiki wa Ufaransa. Katika insha yake ya mwaka wa 1967 alidai kwamba mwandishi amekufa, yaani maana ya matini haitoki katika nia ya mtunzi bali huundwa na msomaji. Wanafunzi hulisoma dai hili kama kitendawili, ilhali Wakenya walilitekeleza hadharani mwaka wa 2002.

Mwaka huo vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, walitoa wimbo "Unbwogable", wakijigamba kwamba hakuna awezaye kuwatisha. Punde si punde wafuasi wa muungano wa NARC waliutwaa. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba ulipohitimisha utawala wa KANU uliodumu tangu 1963, majigambo ya wasanii wawili yalikuwa yamegeuka sauti ya umma.

Mimi ni mwanaisimu, hivyo msomaji aniwie radhi nikilipasua neno lenyewe. Mzizi wake, "bwogo", ni wa Kidholuo, nao una maana ya kutisha. Kiambishi cha mwanzo na cha mwisho ni vya Kiingereza. Kiswahili nacho kina "-ik-" ya kutendeka: sitishiki, hatishiki, hatutishiki. Lakini tazama: Kiswahili hukulazimu kutaja nafsi papo hapo ndani ya neno. "Unbwogable" halina nafsi wala ngeli. Ni kama koti lisilo na kipimo. Mgombea alilivaa, chama kikalivaa, hata asiyejua neno jingine la Kidholuo akalivaa. Barthes angefurahi.

Hata hivyo, simfuati Barthes hadi mwisho wa safari. Wimbo "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na wengine wasiohesabika. Fadhili William, aliyeurekodi mapema na kuuvumisha, alifariki mwaka wa 2001, na mabishano juu ya nani hasa aliyeutunga hayajakoma. Mwambie mtunzi anayedai haki yake kwamba mtunzi ni mfu wa kinadharia, uone atakavyokujibu! Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake. Barthes anamzika angali hai. Sheria inamweka hai akiwa kaburini.

Basi je, maana ya wimbo yaweza kuwa ya umati na fedha zake zikabaki za mtunzi? Au mwanasiasa anayeuchukua wimbo ili apate kura amechukua maana tu, asidaiwe kitu? Hilo ndilo swali ningependa kuliona katika karatasi za mitihani ya fasihi, badala ya lile la kila mwaka: "Eleza mihimili mitano ya nadharia uliyosoma."