Jiwe la Kisii na almasi: tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

Maneno ya barazani hayaishi. Mara kadhaa nimesikia vijana wetu wakiambizana kuwa bara huko, Kisii na Nyamira, almasi zaokotwa mashambani, na kwamba mwenye akiba yake aitoe sasa apate utajiri. Kabla hujatoa hata shilingi, ndugu yangu, tuelezane almasi hutoka wapi.

Almasi ni kaboni tupu, ileile iliyomo katika risasi ya penseli. Tofauti ni jinsi chembe zake zilivyoshikana. Ili zishikane kwa nguvu hivyo, yatakikana kina cha kilomita 150 na zaidi chini ya miguu yetu, katika sehemu ya dunia iitwayo mantili. Huko joto hupita nyuzi 900, na mgandamizo ni zaidi ya mara 40,000 ya huu wa hewa tuivutayo. Wasemao almasi ni makaa ya mawe yaliyokomaa wamekosea: almasi nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 1, ilhali mimea ya nchi kavu, iliyozaa makaa hayo, haijatimiza hata milioni 500.

Basi hufikaje juu? Hubebwa na mlipuko wa volkeno ya aina adimu, ambayo mwamba wake huitwa kimberlaiti. Lazima ipande haraka, kwani ikikawia kwenye joto, almasi hugeuka kuwa ile kaboni ya penseli.

Mfano wa karibu ni Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua kimberlaiti mwaka 1940. Mwadui iko juu ya bamba la miamba mikongwe sana, lenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na bamba hilo lafika hadi magharibi ya Kenya, Kisii ikiwemo. Ndiyo maana uvumi huu wapata pa kushikia. Lakini bamba kongwe peke yake halitoshi. Bila kimberlaiti yenye almasi, hakuna mgodi, na Kisii haina mgodi wa almasi.

Kisii ina jiwe lake, lile la Tabaka, tulionalo Mombasa na Malindi katika maduka ya vinyago. Hilo ni kinyume cha almasi: laini, lakatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa kisu. Lalisha familia nyingi kwa jasho la halali.

Akikujia mtu na kijiwe king'aacho, asikuhadae kwa kukwaruza kioo. Kwatzi, jiwe lililojaa kila mahali, nayo hukwaruza kioo. Katika kipimo cha ugumu ina 7, na almasi 10. Mpeleke kwa mtaalamu wa vito, tena umchague wewe, si yeye. Muulize leseni ya biashara ya madini, kwani Sheria ya Madini ya 2016 yaitaka. Akisema imetoka ng'ambo ya mpaka, muulize cheti cha Kimberley, utaratibu uliopo tangu 2003.

Akianza kukuharakisha, jibu umeshalipata. Fedha zako bora ukanunulie kinyago cha Tabaka. Hicho angalau wakijua ni nini.