Joto haliharakishi kila kitu



Sisi wa darasa la sita tulibishana sana juu ya jambo moja la kemia. Mwenzetu aliandika ubaoni kwamba joto likipanda, kila badiliko la kemia linakwenda mbio zaidi. Wengi tulimupa haki. Nani hajaona mboga kuchacha upesi mwezi wa kumi, na mwezi wa saba, kwa baridi, inakaa vizuri? Lakini niliposoma zaidi nikaona sheria ile haifike mahali pote, na pale inapokosa njo penye utamu.

Tuanze na radikali. Ni atomu ao kipande cha molekuli chenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Iodi, ile inayotiwa katika dawa ya vidonda, inatuonyesha vizuri. Ukiipasha moto inatoa mvuke wa rangi ya zambarau, na kila molekuli yake ni atomu mbili zilizoshikana. Mwanga mukali unazitenganisha. Kisha zinatafutana na kushikana tena.

Kushikana huko hakuna kilima cha kupanda, basi joto halina kitu cha kusaidia. Tena kuna shida: zikikutana, nguvu ya kuzitenganisha ingali ndani yao. Gawanya sekunde mara milioni, na kila kipande mara milioni tena: katika muda mufupi kuliko huo zimekwisha kuachana. Ni lazima wa tatu apite hapo, tuseme atomu ya argoni, aondoke na nguvu ile. Bila yeye, apana.

Sasa namna ya kupima. George Porter alifanya kazi ya rada katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita. Baadaye, Cambridge, yeye na mwalimu wake Norrish walitengeneza njia ya taa ya kumulika mara moja, na kuitangaza mwaka 1949. Weka iodi kidogo na argoni nyingi katika bomba la kioo. Taa kubwa inawaka ghafula, zambarau inafifia. Mwanga mwingine unapita katika bomba na kuonyesha rangi inavyorudi, katika sehemu za elfu za sekunde. Rangi ikirudi upesi, atomu zinashikana upesi. Kisha zungusha tanuri kwenye bomba, pima kwa digri 20, kwa 100, kwa 200, na kuendelea. Kupita hapo, wengine walitumia bomba ambamo wimbi la mushindo linapasha gazi moto kwa ghafula.

Mitego iko. Taa yenyewe inapasha gazi moto, na unaweza kuandika joto la uongo. Njo maana argoni inakuwa nyingi. Tena molekuli ya iodi ni «wa tatu» mwenye nguvu kuliko argoni mara nyingi sana. Ukimusahau, hesabu yote inaharibika.

Jibu likawa hili: kwa argoni, ukitoka joto la kawaida ukapanda kupita digri 1000, mwendo wa kushikana unabaki karibu sehemu moja ya kumi. Sababu moja ni kwamba mara nyingi atomu ya iodi inashikana kwanza na wa tatu, kwa ulegevu, ikingoja mwenzake. Joto linavunja ule ulegevu mbele mwenzake hajafika. Mwaka 1967 Porter na Norrish walipata Tuzo la Nobel, pamoja na Mujerumani Manfred Eigen.

Na sisi wa Lubumbashi? Kiwanda chetu kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi bomba kubwa la Gécamines lilitoa moshi wa kiberiti, SO2. Upande upepo ulikopeleka moshi, miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Hewani, SO2 inashikwa na radikali iitwayo OH, na hapo safari ya kuwa asidi inaanza. Huko pia wa tatu anahitajika: ni azoti na oksijeni ya hewa yenyewe. Anayetaka kuhesabu moshi utafika wapi mbele ya kugeuka asidi, anahitaji mwendo ule kwa joto la chini na kwa joto la juu. Nao ulipimwa kwa taa ya namna hiyo hiyo.

Mwenzetu amefuta neno «kila» ubaoni. Ameandika «mara nyingi».