Je, Wajua? Bagamoyo na Siri ya Ini

Kabla homa haijapanda, kimelea cha malaria hujificha ndani ya ini kwa takriban wiki moja, bila dalili yoyote. Mwaka 2012, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo, waliwadunga vijana wa Kitanzania waliojitolea vimelea hai vya malaria, vya hatua inayoelekea kwenye ini, vilivyokuwa vimegandishwa, wakawatibu mara vilipoonekana kwenye damu. Kwa Afrika ya zama hizi, ilikuwa mara ya kwanza kufanyika jaribio la aina hiyo. Ripoti ilichapishwa mwaka 2014, Seif Shekalaghe akiwa mwandishi wa kwanza. Vijana wale wanastahili heshima ileile wanayopewa waandishi. Mwaka 2018, Said Jongo na wenzake walichapisha matokeo ya chanjo ya malaria iliyojaribiwa hapohapo Bagamoyo.