Haniangalii Usoni, Lakini Ananisikia

Mwaka wa kwanza kwenye kundi letu la majadiliano kulikuwa na jamaa ambaye kila nikimwongelesha, macho yake yako kwenye feni. Nikaona ana dharau, na nikamwambia hivyo mbele ya wenzetu. Akajibu taratibu: "Nina usonji. Nikikutazama machoni, maneno yako yananipotea."

Niliona aibu, nikaenda kusoma. Mwaka 1983 huko London, Amitta Shah na Uta Frith waliwapa watoto wenye usonji michoro yenye umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Walilipata vizuri kuliko watoto wengine wenye uwezo wa akili unaolingana nao. Yaani pale wengi wetu tunapoona picha nzima kwanza, jicho la mwenye usonji mara nyingi hudaka kipande. Sasa fikiria uso: macho, nyusi, midomo, vyote vinacheza kwa mpigo. Kwa baadhi yao ni mzigo, si dharau.

Siku hizi yeye ndiye anayepitia ripoti zetu kabla hatujakusanya. Kosa dogo halimpiti. Ukikutana na mwenzako wa hivyo, usimlazimishe akutazame. Muulize amesikia nini.