Shetani Asiye na Pembe



Wengi wetu tukiulizwa Shetani yu namna gani, twataja pembe, mkia na macho ya moto. Ndivyo wachoraji walivyotuzoeza. Leo tumtazame mtu mmoja aliyemwonyesha kwa namna nyingine kabisa.

Mwaka 1965 ilitoka sinema ya Marekani juu ya maisha ya Bwana wetu, iitwayo The Greatest Story Ever Told, kazi ya George Stevens. Ilijaa wachezaji wenye sifa: Charlton Heston alikuwa Yohana Mbatizaji, naye Sidney Poitier alikuwa Simoni Mkirene. Lakini sehemu ya Shetani alipewa Mwingereza, Donald Pleasence, mtu mwenye upara na sauti ya upole. Watu wengi waliijua sura yake kuliko jina lake. Wakati wa vita, mwaka 1944, ndege yake iliangushwa, akafungwa katika kambi ya Wajerumani. Alifariki mwaka 1995.

Katika sinema hiyo haitwi Shetani. Yeye ni mzee tu akaaye peke yake pangoni. Yesu amefunga, amechoka, anapanda mlima. Mzee anamkaribisha kama mwenyeji mwema. Hapigi kelele wala hatishi. Anamwonea huruma kwa ugumu wa njia, na kumshauri kwamba maisha yafaa yawe rahisi. Kisha majaribu yanafuata, yale tuyasomayo katika Mathayo sura ya 4.

Hapo ndipo mchezaji huyu alipofahamu Maandiko vizuri. Jaribu lenye nguvu huja likiwa na sura ya msaada. Mkate si dhambi, na mwenye njaa anauhitaji. Atakaye kutupotosha hatuambii, "Njoo uiibe haki ya mjane." Hutuambia, "Umetaabika sana, ndugu yangu. Toa chai kidogo, jambo liishe."

Tena, Luka 4:13 yatuambia kwamba Ibilisi alimwacha Yesu kwa muda tu. Stevens hakulisahau neno hilo. Mzee yule anaonekana tena baadaye katika umati, na mbele ya Pilato yumo akiwachochea watu wadai Yesu asulubiwe. Aliyeshindwa mlimani alirudi akijificha katika sauti za wengi.

Lakini tuangalie tusikosee. Mtu asije akasema, "Basi Shetani ni mzee fulani wa kijijini petu." Huko Kisii, mwezi wa Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi, na Kilifi nako wazee wameuawa kwa sababu hiyo hiyo. Mvi si alama ya Ibilisi. Ukitaka kumtafuta katika mambo kama hayo, usiitazame nyumba ya yule bibi kizee. Sikiliza ni nani anayeuchochea umati. Ndivyo ilivyokuwa mbele ya Pilato.

Basi tumtambue kwa shauri lake, si kwa uso wake. Tujiulize: neno hili tamu lataka tumwache nani, na ni nani atakayeumia? Yesu hakubishana na mzee kwa maneno mengi. Alilishika Neno alilokwisha kulijua kabla ya njaa kuja. Nasi tulijifunze leo, tungali tumeshiba.