Utangulizi: Mlima Chini ya Miti

Huu ni uchunguzi wa ramani za kale za milima yenye misitu. Nimechagua tuanzie Usambara.

Mwaka 1890 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipita huko, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu Usambara na majirani zake. Wapelelezi wa zama zile walipima wakitembea: dira ilitoa mwelekeo, saa ikatoa umbali. Kimo walikipata hata kwa kuchemsha maji, maana kila upandapo mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua takribani nyuzi 1 ya Selsiasi. Majina ya mito na vilele waliambiwa na wenyeji, ambao ramani haikuwataja. Kwa hiyo ramani ya msafara imejaa habari kandokando ya njia. Ukitoka njiani, karatasi ni nyeupe. Wajerumani waliendeleza kazi hiyo hadi kwenye ramani za 1:300,000, ambamo sentimita moja ni kilometa tatu na Lushoto inaitwa Wilhelmstal.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka. Idara ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa Uingereza mwaka 1946, ilichora karatasi za 1:50,000 kutokana na picha za angani. Mchoraji alitazama picha mbili za eneo moja kwa pamoja, mlima ukainuka mbele ya macho yake, naye akafuatisha kontua, yaani mistari ya kimo kimoja. Lakini msituni alichokiona ni vilele vya miti. Ardhi yenyewe ilimbidi aikisie kwa kutoa urefu wa miti, na miti ya Usambara hufika mita 40, ilhali kontua za karatasi nyingi hupishana kwa futi 50 tu, yaani mita 15 hivi. Genge zima laweza kupotea humo, na mstari ukabaki laini, wa kuvutia.

Ndiyo maana naithamini sana ramani ya msafara: hukuonyesha waziwazi ilipoishia. Ile ya picha haina mahali peupe, hivyo inadai msomaji mkali zaidi.

Anza na bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi. Kisha fuata mto Sigi kuelekea Amani, karatasi za vipindi vyote viwili zikiwa mezani, ukiandika kila mahali zinapohitilafiana.