Vipimo vya asili: faida haimo kwenye kichupa cha mate

Bidhaa yenyewe ni kisanduku chenye kichupa cha plastiki na namba ya usajili. Mteja anatema mate mpaka yafike kwenye mstari, anafunga kifuniko na kutuma kwa posta. Baada ya wiki kadhaa akaunti yake inamwonyesha asili yake kwa asilimia, pamoja na orodha ya ndugu ambao hajawahi kuwasikia. Marekani, bei iliyozoeleka ni dola 99. Kasoro ya biashara hii ni kwamba nasaba haibadiliki: aliyekwisha kupima hana sababu ya kununua tena. Ndiyo maana kampuni ya Ancestry, iliyonunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone mwaka 2020 kwa dola bilioni 4.7, hutumia kipimo kama chambo cha kuvuta wateja wa ada, wanaolipia kupekua sensa, vyeti vya ndoa na orodha za abiria wa meli.

Kampuni nyingine ya vipimo hivi, 23andMe, haikuwa na hazina hiyo ya nyaraka. Iliingia soko la hisa mwaka 2021, thamani yake ikapanda hadi takriban dola bilioni 6, na Machi 2025 ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Hata hivyo wanunuzi walishindana. Kampuni ya dawa ya Regeneron ilitaja dola milioni 256, kisha taasisi ya mwanzilishi mwenza, Anne Wojcicki, ikaichukua kwa milioni 305. Hakuna aliyekuwa akigombea visanduku. Kilichogombewa ni taarifa za vinasaba vya wateja wapatao milioni 15, na thamani yake kwa watengenezaji wa dawa ilijulikana tangu 2018, GSK ilipowekeza dola milioni 300. Kwa hiyo mteja hulipa mara mbili: kwanza fedha, kisha vinasaba vyake, na malipo hayo ya pili ndiyo yaliyobaki na bei kampuni ilipoanguka.

Watetezi wanasema mteja aliridhia mwenyewe. Ni kweli, lakini ndugu zake hawakuulizwa. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, na kupitia huduma ya kuunganisha ndugu wakachota taarifa za watu milioni 6.9. Hoja nyingine ina uzito zaidi: kwa Wamarekani weusi, ambao mababu zao wengi hawakuandikwa kwa majina katika sensa yoyote kabla ya 1870, kipimo hufungua mlango ambao nyaraka zimeufunga. Manufaa hayo hayakanushiki. Yanachothibitisha ni kwamba huduma inahitajika. Hayathibitishi kwamba masharti yake ni ya haki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mizani imeelemea upande mmoja zaidi. Majibu hutegemea sampuli za kulinganishia, na za Waafrika ni chache kuliko za Wazungu. Analipa bei ileile kwa jibu lisilo na undani uleule, huku akitoa taarifa ambazo ni adimu zaidi kwa watafiti. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ila ni vigumu kuzitekeleza sheria hizo dhidi ya kampuni iliyo ng'ambo. Anayetaka kupima apime, lakini kwanza asome vipengele viwili vya mkataba: kampuni inaruhusiwa kumpa nani taarifa zake, na ikiuzwa, mnunuzi anabanwa na ahadi gani. Asiporidhika, abaki na pesa yake.